Gari Iliyokataa Kwenda Tupu

Wenzangu wa soko la mchele, mumenichosha. Kila asubuhi kabla sijatandaza mifuko yangu, mmoja anauliza ya kamba, mwingine anauliza ya mchanga, na wa tatu, ambaye jana alikuwa amesinzia, anataka nianze upya toka Alunguli. Basi nimekaa barazani siku mbili, nimeandika yote, na karatasi hizi nitaziacha kwenye meza ya chumvi. Someaneni. Atakayeniuliza tena nitamuuzia mchele wenye mawe.

Ya vibali na karatasi za njiani sitayasema. Munayajua, na hayana utamu.

Kindu, chini ya gari

Mama yetu anaishi Kampene tangu wakati wa vita. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kisimani akaanguka kwa mgongo, na tangu siku ile hakuketi tena, ni kulala tu. Daktari wa kule alisema anahitaji hospitali kubwa ya Kindu. Kisha akasema jambo lililotunyima usingizi: vidole vya mguu wa kushoto vimeanza kufa ganzi. "Ganzi ikipanda mpaka kiunoni," aliniambia kwa simu, "hatatembea tena maisha yake. Musikawie."

Hatukukawia. Kaka yangu Radjabu, ambaye ni fundi na dereva, alikwenda kumchukua kwa pikapu aliyoacha baba. Hawakufika mbali. Kwenye bonde la kwanza tu baada ya Kampene gari ilitumbukia, mama akapiga ukelele mmoja, akazimia. Radjabu alimrudisha kitandani, akaja Kindu peke yake, na siku tatu hakusema na mtu. Siku ya nne alijilaza chini ya gari akaanza kufungua.

Nieleze kidogo kwa wasiojua magari, maana hata mimi sikujua. Mbele ya pikapu ile hapakuwa na springi. Palikuwa na vyuma viwili virefu, kila kimoja kama mchi wa kutwangia, vimelala chini ya sakafu kando ya chasi, kimoja kila upande. Mafundi wetu wanaviita bari. Tairi likipanda jiwe, bari inajisokota. Tairi likishuka, inajisokotoa. Bari zikizeeka zinakuwa kama wakubwa fulani ninaowajua, hazipindi kwa lolote. Zetu zilikuwa zimezeeka sana.

Radjabu aliagiza kwa rafiki yake wa Lubumbashi kitu kinachoitwa kombine. Ni amortisere, kile chuma cha kutuliza mtikisiko, iliyovikwa resore, yaani springi, nene kwa nje, vyote mwili mmoja, na chini ya resore kuna pete unayoizungusha kuikaza au kuilegeza. Zilikuja kwa treni, na kila siku Radjabu alikuwa akienda stesheni amechana nywele, utadhani kaposa. Zilipofika alizibeba nyumbani mikononi, hakutaka kuzitia kwenye toroli.

Kazi haikuwa ya kutoa na kuweka. Kwenye bari, uzito wa gari unakaa chini, na kile kikombe cha juu kinachoshika amortisere ni bati jembamba tu, halibebi kitu. Kwenye kombine uzito wote unapanda pale juu. Radjabu alikata vikombe vya zamani, akachomelea mnara wa chuma kinene kila upande, akauegemeza kwenye chasi kwa vipande vitatu. Alipiga kipimo mara tano kabla ya kukata mara moja.

Siku zile zilikuwa za joto zito. Nilikuwa nakaa juu ya tairi la akiba nikimpokeza bolti, na Lualaba, mto wetu, imelala kule chini, pana, rangi ya chai ya maziwa, haionekani hata kama inakwenda. Macho yalijifumba yenyewe. Kila nikisinzia nilimwona mama akija kwa miguu yake kwenye njia ya nyuma ya nyumba, ameshika ndala mkononi. Kila nikizinduka palikuwa na miguu miwili ya Radjabu tu, imetoka chini ya gari.

Mwisho alifanya kile ambacho kila fundi wa Kindu angefanya. Aliniambia nilete mchele. Tulipakia mifuko yangu ishirini, tukapandisha majirani juu yake, ndipo akaizungusha pete mpaka gari ikasimama sawasawa. Halafu, ili pete isilegee kwa mtikisiko, akaichomelea pointi mbili kila upande.

"Sasa haiendi popote," alisema.

Nikampigia makofi. Nani hapa kwetu amewahi kuona gari ikitoka Kindu tupu?

Baada ya hapo tulitoa kiti cha nyuma cha kabini, tukaweka matela mbili, magodoro ya kumlaza mama, moja juu ya nyingine. Tukala kiapo: hatubebi mtu wala mzigo, kwenda na kurudi, ili gari iwe nyepesi na mama apate utulivu. Nimeandika vile vile tulivyofanya, na munaocheka, chekeni.

Alunguli

Tulishuka bandarini alfajiri kuvuka mto kwa baki, kile kivuko cha magari, lakini ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji na ng'ambo ya Alunguli haikuonekana. Tukangoja. Mitumbwi ilipita karibu bila kuonekana. Tulisikia kasia, tukasikia wanawake wakicheka ndani ya weupe ule, kisha hakuna kitu. Nilikunywa chai ya mama mmoja mwenye birika, nikala kipande cha muhogo, nikahisi kama nimekaa pale tangu utotoni na sijakua.

Mzee mmoja mwenye bata wawili kikapuni aliizunguka gari yetu mara mbili.

"Dada, gari hii iko tupu."

"Haiko tupu, papa. Iko na kazi."

"Kazi gani? Ya kubeba hewa?"

Watu wote wa baki wakaangua kicheko. Nikamwambia hewa angalau haina mdomo wa kuuliza maswali. Alicheka kuliko wote. Bata wake nao wakaniangalia kwa dharau, nikapandisha kioo.

Kuelekea Kalima

Barabara hii niliipita kwa miguu nikiwa na miaka tisa, Radjabu ana kumi na miwili. Vita vilipokaribia mji, wenye silaha walikuwa wakichukua magari. Baba, ambaye alikuwa dereva wa pikapu hii hii, aliamka asubuhi moja akazitoa bari zote mbili. Gari ikapiga magoti pale uani, pua kwenye udongo. "Wakiitaka, waibebe kichwani," alisema. Akazifunga bari katikati ya mzigo wa kuni, akamtwika mama, akamwambia atupeleke Kampene kwa wajomba, yeye angefuata.

Hakufuata. Mpaka leo hatujui amelala wapi, na hilo linauma leo kama lilivyouma siku ile.

Ninachokumbuka cha safari ile si hofu. Ni mgongo wa mama mbele yangu, siku baada ya siku, chini ya kijani kisichoisha, na vipepeo vya njano vikinyanyuka kwenye madimbwi kila anapokanyaga. Msitu ulinyamaza hata nikadhani tumelala sote watatu na tunatembea usingizini. Kwenye kizuizi kimoja mtu mwenye bunduki aliinua mzigo akashangaa. "Kuni gani nzito hivi?" Mama akamjibu, "Mbichi. Kama unazitaka, nibebee mpaka nyumbani." Yule mtu akacheka, akatunyang'anya ndizi zote, akatuachia njia.

Mama alizifikisha bari Kampene, na kiuno chake hakikuwa kiuno tena. Vita vilipokwisha Radjabu alirudi nazo Kindu. Aliikuta gari bado imepiga magoti, kuku wa jirani wanataga chini ya usukani.

Sasa nilikuwa napita palepale nimekaa kwenye gari isiyo na bari, na moyoni nilitaka iteleze juu ya barabara kama mtumbwi. Wapi! Iliruka. Kila shimo zile kombine mpya zilinyooka mpaka mwisho wake, zikagonga ga! ga!, na mimi nikagonga dari. Nyuma nako ndiyo usiseme, gari ilitupa matako kama mbuzi. Radjabu aliuma meno.

"Itazoea," alisema.

"Gari haizoei, yaya," nilimwambia kaka yangu. "Njo watu wanazoea."

Nilimwona anatokwa na jasho, na halikuwa la joto.

Kijiji cha kamba

Nusu siku kabla ya Kalima kuna kijiji ambacho watu wake wanaitengeneza barabara mbele ya nyumba zao kwa majembe, kila juma. Kwa haki hiyo wamefunga kamba njiani. Hawadai kitu kikubwa. Gari inasimama, munasalimiana vizuri, na kama ina nafasi inabeba wasafiri wa kijiji, hata wawili. Huo njo ujira wa majembe yao, na kila dereva anaujua.

Mwenye kamba anaitwa Papa Amisi, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya sufu hata juani. Alituuliza habari za Kindu, akachungulia nyuma ya gari, akatabasamu.

"Munarudi lini?"

"Baada ya siku tatu," nikasema.

Mara mwanamke mmoja akainuka kwenye mifuko yake kando ya njia. Huyo ni Mama Sifa. Mumesikia jina lake mara nyingi sokoni siku hizi.

"Basi mutanichukua mukirudi," alisema. "Mutoto yangu amezaa kule Kindu, uzazi wa kwanza. Nani atamukanda na maji ya moto? Niko hapa nangoja gari siku sita."

Nilimtazama Radjabu. Radjabu alitazama mbele.

"Hatubebi mutu, mama," alisema. "Kwenda wala kurudi."

Hakusema kwa nini. Kaka yangu hapendi kumtaja mama kwa wageni. Anaona kuutaja ugonjwa ni kuuita. Na mimi, mwenye mdomo wa kujibu wazee wa bata, nilinyamaza.

Mama Sifa alirudi akakaa juu ya mifuko yake. "Haya," alisema. "Muende na nafasi yenu. Muitunze vizuri."

Papa Amisi alishusha kamba polepole sana, bila kutuaga. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Tulilala Kalima, na wali wa Kalima, ambao kila siku nausifu, niliuacha sahanini.

Kampene

Mama tulimkuta kwenye kitanda cha mianzi, amelala chali, macho kwenye paa. Amekonda, lakini mdomo ni ule ule.

"Mumechelewa," alisema. "Njo mumeleta samaki?"

Tulikuwa tumeleta samaki wa kukaushwa. Shangazi anayemtunza alipika sombe, majani ya muhogo, yenye mawese mengi, nikamlisha mama kwa vidole vyangu, tonge baada ya tonge, yeye akinilaumu kwamba machozi yangu yanaongeza chumvi. Alikula vizuri. Baadaye niliketi miguuni pake nikamshika mguu wa kushoto.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia unanisumbua."

Nikasogea mpaka kidole kikubwa, nikakibonyeza kwa nguvu, nikakifinya kwa kucha. Mama alikuwa bado anatazama paa, anangoja.

"Sasa anza," alisema.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Jioni Radjabu aliungama. Alikuwa ameogopa njia nzima. Alipiga goti karibu na kitanda, mtu mzima mwenye ndevu, akasema, "Mama, zile bari za baba nimezitoa. Nimeweka kitu kingine."

Mama alimgeuzia macho.

"Zile vyuma zilizonivunja kiuno?"

"Njo zile."

"Alhamdulillahi," alisema mama, akaanza kucheka, akajishika mbavu kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Miaka yote munanipa habari zake kama za mujukuu: ziko salama, zimepakwa mafuta. Nani aliwaambia nazipenda? Nilibeba neno la baba yenu. Zile vyuma zenyewe nilizichukia toka kilima cha kwanza."

Radjabu alibaki amepiga goti, mdomo wazi. Nadhani alikuwa na hamu ya kucheka na kulia, akakosa pa kuanzia.

Asubuhi tulimlaza kwenye matela kabini, tukazunguka kiwanja mara moja kujaribu. Hata nusu ya kiwanja hatukumaliza. Nilimwona ameukamata ubao wa mlango, vidole vyeupe.

"Simamisha," alisema. "Gari iko na watu wangapi?"

"Hakuna mutu, mama. Wewe peke yako."

"Hakuna mutu? Radjabu, ulizaliwa wapi? Baba yenu hakunipandisha gari tupu hata siku moja. Akikosa watu alikuwa anangoja. Jaza watu!"

Radjabu alijipiga paji la uso, pa! Kumbe yote yalikuwa wazi mbele yetu. Pete tuliikaza gari ikiwa na mifuko ishirini na majirani, kisha tukaapa kwamba hatubebi kitu. Resore zilikuwa zinangoja mzigo ambao tumeunyima. Alichukua patasi ili apasue zile pointi, akaitazama pete, akaiweka chini. Akizipasua ataharibu meno ya pete, na resore ingeweza kuporomoka katikati ya msitu.

Lakini watu hakuwataka. "Watu wanapiga kelele," alisema. "Wanapanda, wanashuka, wanakanyaga kila kitu. Tutaweka muchanga."

Kampene mchanga si tatizo. Wachimbaji wa dhahabu wanauosha kutwa. Tulipakia mifuko kumi na minane. Gari ikashuka, ikatulia, na tulipozunguka tena mama hakushika kitu.

"Njo mumeweka nini?" aliuliza.

"Muchanga, mama."

Alitafakari kidogo. "Haya," alisema, akafumba macho. "Muna akili zenu."

Kurudi

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Siku ya pili, tulipotoka Kalima, mvua ilianza. Ilikuwa mvua ile ya msituni isiyo na upepo, inayoanguka wima saa zote, na kioo cha mbele kikawa kama sufuria inayotoa mvuke. Mchanga ulikunywa maji. Mifuko ikachanika, na kila tulipopanda kilima mchanga uliteremka nyuma, ukaenda kulundikana kwenye mkia wa gari. Mbele kukawa kwepesi tena. Ga! Ga!

Mama hakulia. Aliuma kanga yake, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Nilikaa sakafuni karibu naye, mkono chini ya kiuno chake, nikihesabu mashimo na kuyalaani moja moja. Radjabu aliendesha polepole hata watu wa baiskeli walitupita. Uso wake niliuona kwenye kioo, nikajua anawaza bonde lile la mara ya kwanza.

Ndivyo tulivyofika kwenye kamba.

Mvua ilikuwa imekatika. Papa Amisi alisimama katikati ya njia na kofia yake iliyolowa. Mama Sifa alikuwa palepale, juu ya mifuko ileile, amejifunika nailoni. Papa Amisi alikwenda nyuma ya gari, akatia mkono, akatoa konzi ya mchanga, akaisogeza karibu na macho.

"Mumetoka Kampene," alisema kwa sauti ya chini. "Njo wa dhahabu?"

Watu walisogea wote.

"Hapana, papa," alisema Radjabu. "Muchanga tu."

"Muchanga tu?"

"Muchanga tu."

Papa Amisi aliufungua mkono, mchanga ukamwagika kwenye kiatu chake.

"Kumbe," alisema Mama Sifa. "Mutu anangoja siku tisa kumuona mujukuu wake, na nafasi yake munapandisha udongo."

Basi nikafanya lile nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilifungua mlango wa kabini wote.

Walimwona mama, amelala chali, kanga mdomoni, machozi yametiririka mpaka masikioni. Mama aliitoa kanga akamtafuta Mama Sifa kwa macho.

"Dada yangu," alisema, "watoto hawa wanaogopa kwa ajili yangu mpaka wamesahau adabu. Makosa ni yangu, mimi njo nilizaa. Mugongo wangu umevunjika. Gari hii ikiwa na watu inakuwa laini. Ikiwa tupu inaniua."

Mama Sifa alinigeukia mimi, si Radjabu. "Sasa mbona hamukusema?"

Nilimfuta mama machozi masikioni kwa upindo wa kanga.

Papa Amisi aliita majembe. Ule mchanga wote wa Kampene waliushusha wakaumwaga kwenye mashimo mbele ya kijiji, wakaushindilia kwa miguu, wanacheka sasa, wananiita mfanyabiashara wa udongo. Kisha wakapanda, watu kumi na mmoja. Kila aliyekuwa na safari ya Kindu alileta mfuko wake wa mchele. Radjabu aliwapanga kama anavyopanga vyombo vyake: mifuko yote imebanwa nyuma ya kabini, wanaume wawili wazito kwenye boneti, mmoja kila upande, Mama Sifa kiti cha mbele, wengine nyuma, wamesimama wameshika chuma. Gari ilishuka taratibu, ikasimama sawasawa kama siku ile ya majirani.

"Shimo likija, pindeni magoti," aliwaambia. "Musiruke."

"Kijana," alisema Papa Amisi, akishusha kamba, "muchanga ungepindaje magoti?"

Tukaondoka. Wale wawili wa boneti walikuwa wakiinua mkono kila waonapo shimo, na nyuma wote walishuka na kupanda pamoja, hup, polepole, kama watu wanaopepeta mchele. Mbele ilizama, ikainuka, ikazama. Sikusikia ga hata moja. Jua lilitoka, msitu ukafuka moshi, vipepeo vya njano vikarudi kwenye madimbwi, vikawa vinanyanyuka mbele yetu bila kuisha. Mama Sifa alitoa mbika, mbegu za maboga zilizosagwa na kufungwa kwenye majani, zikapita mkono hadi mkono. Mtu mmoja nyuma alianza wimbo, wakamnyamazisha.

Baadaye kidogo niliona mkono wa mama umelegea. Mdomo uko wazi. Nilimwita, hakujibu. Niliweka kiganja mbele ya pua yake, nikangoja, nikangoja, mpaka pumzi ya moto ikanigusa. Alikuwa amelala. Shangazi aliniambia kule Kampene kwamba tangu aanguke hajapata saa mbili za usingizi mfululizo.

"Analala," nikamwambia Mama Sifa.

Mama Sifa aligeuka akagonga kioo cha nyuma kwa kidole kimoja, akaweka kidole hichohicho midomoni. Toka hapo hakuna aliyesema kwa sauti. Tulipita vijiji watoto wakikimbia na kupiga kelele, na watu kumi na mmoja wakawaashiria wanyamaze, na watoto wakanyamaza, wakabaki wanatutazama. Sijui tulikwenda muda gani. Nami nafikiri nililala macho wazi, maana nilimwona baba amekaa boneti upande wa kushoto, amenipa mgongo, anainua mkono kwenye kila shimo, na sikushangaa.

Toka baki mpaka hospitali

Tulivuka jua likiwa limeinama. Upande wa Kindu kila mmoja alikuwa amefika. Walishuka na mifuko yao, wakajinyoosha, na gari nayo ikanyanyuka, nikasikia resore zikinyooka: ga. Mama alikunja uso usingizini.

Mkwe wa Mama Sifa alikuwa pale bandarini. Nyumba yao inaonekana toka mahali baki inapotia nanga, ile yenye mlango wa buluu.

"Mama, karibu," alisema, akimpokea mifuko. "Mutoto iko analia, na maji iko motoni toka asubuhi."

Mama Sifa alikuwa anaitazama njia. Munaijua njia ile kutoka bandarini: mashimo, kisha reli, kisha mashimo mengine mpaka lango la hospitali. Radjabu naye alikuwa anaitazama, mikono kwenye usukani, hajawasha.

"Mama, maji yanachemka," mkwe alisema tena.

"Yachemke," alisema Mama Sifa. Akageuka kwa wenzake, waliokwisha kutwika mizigo. "Pandeni."

Walipanda wote. Sikumsikia hata mmoja akiuliza. Mkwe naye, akiwa hajui ni nini, akapanda na mifuko yake begani. Tulizivuka zile reli watu kumi na wawili wamepinda magoti, na mama akavuta pumzi, akaendelea kulala.

Uani pa hospitali walishuka mmoja mmoja, kila mtu akingoja mwenzake akanyage chini kwanza, ili gari isinyanyuke kwa ghafla. Mama alifungua macho wakati manesi wanaleta machela.

"Radjabu," alisema kwa ukali, "unangoja nini tena? Washa gari, tuondoke hapa kwenye kamba."

Ndani, daktari alifunua miguu yake akachukua sindano. Alichoma kidole kikubwa cha kushoto. Mama alitazama ukuta. Akachoma cha pili, cha tatu, vyote. Mama alitazama ukuta. Radjabu alikuwa amenishika mkono mpaka mifupa ikalia. Daktari akashuka kwenye unyayo, akachoma.

Mama alimtukana. Alimtukania ukoo, alimtukania shule aliyosomea, kwa maneno ambayo hapa mezani pa chumvi siwezi kuyaandika. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Haijapanda," alisema. "Mumewahi."

Dirishani Mama Sifa akapiga vigelegele, na wote waliokuwa nyuma yake wakapokea. Radjabu alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa, akalia kwa sauti kama hajawahi kulia tangu azaliwe.

Mama alinigeukia. "Huyu analia nini?" aliuliza. "Njo nani amekufa?"